Hawaijui, Ila Wanajua Nimekosea

Jamani, hili mnisaidie, mimi limenishinda. Ofisi haiijui paswedi yangu. Wanaapa kabisa. Lakini nikiiandika sivyo, hao hao wanajua! "Umekosea." Umejuaje, bwana, kama iliyo sahihi huijui?

Swali hilo nikampelekea dogo wa kompyuta pale kwenye SACCOS yetu. Foleni imefika mlangoni. Nikamwambia, mwanangu, nisomee tu paswedi yangu, kitambulisho hiki hapa, kwenye picha ni mimi, ila enzi hizo nilikuwa na nywele. "Mzee wangu, hatuna." Nikajua anataka ya soda. Nikatoa. Akairudisha! Hapo ndipo nikaona jambo ni zito.

Eti siku nilipojiandikisha, mashine ililichukua neno langu ikalitwanga kama kisamvu. Wakahifadhi kilichotwangwa, majani hawakubaki nayo. Leo nikiandika tena, linatwangwa kwenye kinu kile kile, halafu wanalinganisha. Yakifanana, pita ndani. Yasipofanana, ndiyo hiyo "umekosea". Wenyewe wanaita hashi. Na kisamvu hakirudi kuwa jani, hata ulie. Nikasema basi twanga kinyumenyume. Dogo akaitazama foleni. Foleni ikanitazama mimi.

Akanihurumia, akanionyesha. Kaandika 123456, ikatoka e10adc3949ba59abbe56e057f20f883e. Herufi na tarakimu 32. Kaweka barua ya kurasa mbili, 32 vile vile. Kaongeza nukta moja kwenye barua, ikatoka nyingine kabisa, hazijuani hata kwa salamu. Hiyo ni MD5, ya Ron Rivest, 1991, na siku hizi imechoka, haifai tena kwa kazi hii, ananionyesha tu. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Miwani yenyewe niliiacha nyumbani.

Zamani watu hawakuteswa hivi. Mwaka 1966, chuo cha MIT kule Marekani, kompyuta yao kubwa ilichanganya mafaili. Kila aliyeingia akakaribishwa na orodha ya paswedi za wote! Ningekuwepo ningeisoma yangu, nikarudi nyumbani mapema. Mwaka 2009 kampuni ya RockYou ikaibiwa paswedi milioni 32, zimewekwa wazi bila kutwangwa. Iliyopendwa kuliko zote? 123456. Yaani binadamu.

Nikasema sasa si wote wanatwanga, mwizi afe njaa. Wapi! Mwizi hahangaiki kurudisha. Anakaa kwake, anatwanga kila neno analoweza kulifikiria, majina, timu, miaka ya kuzaliwa, kisha anatafuta yanayofanana. LinkedIn mwaka 2012 zilivuja hashi kama milioni 6.5, na zilikuwa hazina chumvi. Ndiyo, chumvi! Kila mtu anatiliwa ya kwake, ya kubahatisha, kabla ya kutwangwa, ili watu wawili wenye neno moja wasitoke sawa na mwizi aanze upya kwa kila mmoja. Robert Morris na Ken Thompson waliandika habari hiyo tangu 1979. Kumbe tunapewa chakula bila chumvi na watu wenye pesa zao.

"Neno lako ni gumu kukisia, mzee?" Nikamnong'oneza. Masikio yangu haya yameziba siku nyingi, sauti yangu mwenyewe siisikii. Foleni nzima ikasikia: "yangabingwa!" Mama mmoja akapiga kigelegele. Dogo ndani ya shati kavaa jezi ya Simba. Akasema hilo wezi wanaanza nalo kabla ya chai.

Wakanipa jipya, lina herufi kubwa, namba na alama ambayo kwenye simu yangu sijui inakaa wapi. Nikachukia. Nikamwambia kuna ofisi nyingine ina ubinadamu: ukisahau, wanakutumia kwenye simu neno lako lile lile, halijapungua herufi. Dogo akashika kichwa kwa mikono miwili. Hao, anasema, ndio wa kuwakimbia, maana anayeweza kukurudishia paswedi yako anayo, na siku akiibiwa, mwizi naye anayo.

Kwa hiyo ndugu yangu unayesoma, kama na wewe umewahi kuhudumiwa vizuri namna hiyo, badilisha neno hilo leo leo, na usilipeleke benki.