Onja Mvinyo kama Mnunuzi wa Dhahabu

Mnunuzi wa dhahabu Geita hadanganywi na mng'aro. Hupima uzito, hupima usafi, ndipo hutaja bei. Mvinyo hauna kipimo cha namna hiyo. Mizani yake ni pua na ulimi. Basi chupa ya mvinyo wa Dodoma ikikufikia Shinyanga, baada ya kukatiza Singida na Nzega, fuata hatua hizi kabla hujaisifu wala kuiponda.

1. Ivishe chupa soksi. Lebo ina kelele. Mwaka 1976, jijini Paris, waamuzi Wafaransa walionja bila kuona lebo, wakaupa mvinyo wa California ushindi, mweupe na mwekundu pia, mbele ya ule wa kwao. Soksi iwe safi, maana harufu nayo utaipa alama.

2. Iepushe na jua. Chupa iliyoshinda juani stendi imeshapikwa. Usimhukumu mkulima kwa kosa la msafirishaji.

3. Gawa alama. Mhakiki wa mvinyo Mmarekani Robert Parker, aliyeanzisha jarida lake mwaka 1978, aliupa kila mvinyo alama 50 za kuanzia. Kisha rangi 5, harufu 15, ladha na kile kinachobaki kinywani 20, ubora wa jumla na uwezo wa kuzeeka vizuri 10. Jumla 100.

4. Sema kwa maneno ya kwenu. Ukinusa zambarau, sema zambarau. Ukikumbuka ukwaju au furu, andika hivyo hivyo. Mvinyo mwekundu ukikukaza ulimi, huo ni ukakasi, na Kiswahili kina neno lake tangu zamani.

5. Onja mara tatu, kisha tema. Mtafiti Robert Hodgson aliwapa waamuzi wa mashindano ya mvinyo ya California mvinyo wa chupa ileile mara tatu bila wao kujua. Katika kila waamuzi 10, takriban mmoja tu ndiye aliyebaki na msimamo wake. Alama zako zikipishana sana, kunywa maji, pumzika, anza upya.

6. Sasa vua soksi. Alama usizifute, hata jina likikushtua.

Tangu soko la dhahabu lifunguliwe Geita mwaka 2019, mchimbaji mdogo hupimiwa mzigo wake huku akiona. Mkulima wa zabibu wa Dodoma, anayevuna mara mbili kwa mwaka, hayupo mezani unapoonja. Mpimie kana kwamba amesimama mbele yako.