Mali ya Uvunguni

Tarehe 25 ya mwezi hata mlinzi wa getini huwaamkia wahasibu kwa heshima zote. Siku moja ya aina hiyo, saa 7 mchana, fundi mmoja wa kompyuta jijini Dar es Salaam alikuwa ndiyo kwanza anaanza wali maharage wake simu ilipoita. Mishahara imeganda.

Hakutetereka. Seva ile aliipanga kwa mikono yake: diski 2 za terabaiti 1 kila moja, zimeunganishwa kwa RAID 1, kwamba kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile. Mabosi alishawatangazia kwa majivuno kuwa moja ikifa, nyingine itaendelea na kazi wala hawatajua. Alipofungua chumba cha seva alikuta diski moja inalia tik, tik, tik, na seva nzima imezimia.

"Si ulisema ziko mbili?" akauliza mhasibu.

"Ziko mbili, dada."

"Sasa?"

Fundi akajikuna kichwa. Kosa alikuwa analijua, maana alilifanya mwenyewe, tena kwa raha zake.

Ramu ya seva ni kama sebule. Wageni wakizidi, Linux, mfumo unaoiendesha seva, huchukua vitu visivyoguswa siku nyingi, vipande vya kilobaiti 4 viitwavyo kurasa, ikavisukumia uvunguni, yaani kwenye sehemu ya diski iitwayo swapu. Mwenyewe akivihitaji, vinavutwa tena. Siku ya kupanga mashine, fundi aliweka nakala ya kila kitu isipokuwa uvungu. Vitu vya muda tu vile, alijiambia. Seva ikizimwa havina kazi tena, nakala ya nini?

Akatenga gigabaiti 4 kwenye kila diski, akazipa kipaumbele sawa. Linux ikikuta hivyo hugawa kurasa kwa zamu, huu huku, ule kule. Akapata gigabaiti 8 na diski 2 zinazosaidiana kubeba. Angeweka nakala angeambulia 4, na kila ukurasa ungeandikwa mara 2 kwa mwendo wa diski iliyo nzito kuliko mwenzake. Hesabu ilimnogea hadi akampigia fundi mwenzake kumringishia.

Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walioandika kuhusu RAID mwaka 1988, hawakuificha hatari hiyo: kadiri diski zinavyoongezeka bila nakala, ndivyo uwezekano wa moja kufa na kuvuruga zote unavyopanda. Fundi alikuwa ameipa seva sehemu 2 za kufia, akaziita kasi.

Diski ilipokufa, ilikwenda na nusu ya uvungu. Hifadhidata ikanyoosha mkono kuchukua ukurasa wake, ikashika hewa, na Linux ikaiua papo hapo. Zikafuata programu nyingine, pamoja na ile ambayo fundi angeitumia kuingia kwenye seva akiwa mezani kwake. Mafaili ya mishahara yalikuwa salama salimini kwenye diski iliyobaki. Seva tu ndiyo haikuwepo.

Akaiwasha upya. Mipangilio ilikuwa bado inaitaja swapu ya diski marehemu, basi mashine ikaisubiri kwa sekunde 90. Jaribu kusubiri sekunde 90 huku watu 6 wanakupumulia shingoni, wote wana kodi ya nyumba ya kulipa.

Jioni, akili ilipomrudia, alipiga hesabu ambayo angeipiga mapema. Kusoma ramu huchukua takriban nanosekunde 100. Diski ya kuzunguka huchukua kama milisekunde 10, mara 100,000 zaidi. Kama ramu ingetumia sekunde 1, diski ingetumia saa 27 na ushee. Hata diski 2 zikigawana kazi, saa hizo zikawa 14, mhasibu bado analala ofisini. Seva inayokimbilia uvunguni kila dakika inataka sebule kubwa. Mashine ya majaribio ya nyumbani, ambayo ikianguka anayeumia ni mwenyewe, igawiwe tu swapu yake bila wasiwasi. Inayolipa mishahara haina ruhusa hiyo.

Akaongeza ramu, akaweka swapu juu ya RAID 1, akaenda kulala. Wiki iliyofuata ukaguzi ukaonyesha nakala 2 za swapu hazifanani, na usingizi ukamruka tena. Kumbe ni kawaida: ukurasa unaweza kubadilika kwenye ramu wakati unaandikwa, diski moja ikapata ya zamani na nyingine mpya, na kwa kuwa Linux imeshautupa ukurasa huo, hakuna atakayeusoma.

Tarehe 25 iliyofuata, swapu iliyotumika ilikuwa megabaiti 12. Mishahara ilitoka saa 4 asubuhi, na fundi alimaliza wali wake ungali wa moto.