Namna ya Kuwa Gwiji wa Programu Meru na Embu Bila Kumaliza Hata Moja

Kijana akisomea kompyuta pale Nchiru, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, au kule Chuo Kikuu cha Embu, hufunzwa mengi. Asilofunzwa ni namna ya kuonekana ana shughuli mwaka mzima bila kutoa programu inayotumiwa na mtu yeyote. Mwongozo huu unaziba pengo hilo. Ufuate hatua kwa hatua. Haraka haraka haina baraka.

Hatua ya kwanza: Futa kinachofanya kazi

Umenunua kipakatalishi cha mtumba. Kimekuja na Windows, kinawaka, kinaingia mtandaoni, kinachapisha. Aibu iliyoje! Weka Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ujivunie Uafrika wako kwa muda. Ukishaona kila kitu kimetulia, hamia Arch, ambako utapanga mambo yote kwa mkono wako, kuanzia saa hadi sauti. Pakua usiku wa manane, bando likiisha ununue jingine. Wi-Fi ikigoma, shuka saiba pale Makutano ukatafute dawa yake kwenye kompyuta ya Windows. Mjomba akija na shida ya kodi ya KRA, akitaka umjazie fomu kabla ya tarehe 30 Juni, mwambie mashine iko kwenye matengenezo. Hutakuwa umesema uongo.

Hatua ya pili: Chagua kihariri, kisha uchague tena

Usiandike msimbo kabla hujaamua utauandikia wapi. VS Code ya Microsoft huwafaa watu wengi, na kwa sababu hiyo haikufai wewe. Chukua Vim, iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar. Jioni za mwanzo ni za kutafuta rangi ya mandharinyuma: weusi wa kawaida, weusi wa bluu, au weusi uliopauka kidogo.

Utakutana na usumbufu mmoja. Kwa miaka mingi, ukiifungua Vim bila faili, imekuwa ikikuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Moolenaar alikwenda Kibaale, kusini mwa Uganda, mwaka 1994, akafanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto. Aliporudi kwao aliendelea kuitoa Vim bure, akiomba kila anayeipenda akichangie kituo kile, hadi alipofariki mwaka 2023. Yaani kihariri kilisomesha watoto. Wewe uzime ujumbe huo kwenye mipangilio, unaharibu mandhari.

Hatua ya tatu: Lugha iwe ile isiyotakiwa na mteja

Shule ya jirani inataka mfumo wa karo. Sacco inataka daftari la mikopo. Yote mawili yanaandikika kwa PHP, lugha ya mwaka 1995, na ndiyo sababu ya kukataa. Anza kwa Python, ukifika nusu hamia Go, halafu usikie kwamba wenye akili wako kwenye Rust. Lengo ni ukurasa wa kuingilia uandikwe upya mara nyingi, na ukurasa wa pili usizaliwe kamwe.

Hatua ya nne: Mwokoe mkulima bila kumuuliza

Huku kwetu programu isiyomwokoa mkulima haihesabiki. Anza na miraa. Wakulima wa Igembe huchuma, hufunga kwa majani ya mgomba, na pikapu hukimbia Nairobi siku hiyo hiyo, maana miraa iliyonyauka haina bei. Shughuli yote huendeshwa kwa simu, madereva na kuaminiana, na imeendelea miaka yote bila wewe. Hilo halikubaliki. Buni programu yenye ramani, na usisahau kitufe cha “Peleka London”, ingawa Uingereza ilipiga miraa marufuku mwaka 2014.

Kisha nenda kwenye kahawa. Mama wa Runyenjes amefika kiwandani na gunia. Karani anapima, anaandika kilo kwenye risiti, anaichana kitabuni na kumpa. Mama anaikunja mara mbili, anaifunga kwenye ncha ya leso pamoja na zile za wiki iliyopita. Anachotaka ni kujua kilo zake zote za msimu, ili malipo yakija ajue kama yamelingana. Hiyo ni hesabu ya kujumlisha tu, kwa hiyo idharau. Mtengenezee fomu inayodai baruapepe, picha yake, na nywila yenye herufi kubwa, tarakimu na alama. Simu yake ni kabambe ya vitufe. Ni kweli M-Pesa ilianza mwaka 2007 kwenye simu za aina hiyo hiyo, lakini walioianzisha hawakuwa na ladha yako.

Hatua ya tano: Unganisha malipo kabla ya kuwa na bidhaa

Jisajili kwenye Daraja, mlango ambao Safaricom imewafungulia wanaprogramu waunganishe M-Pesa. Tumia 174379, nambari ya majaribio ambayo kila mwanafunzi ameinakili. Agiza shilingi moja kutoka kwa simu yako mwenyewe. Ikilia ikuombe PIN, ruka kwa furaha, piga picha ya skrini, iweke kwenye hali ya WhatsApp na maneno “Makubwa yanakuja”. Hapo ndipo mradi unapofikia kilele, nawe unaweza kuanza mwingine.

Onyo

Mwongozo huu unaweza kuharibika kabisa ukifanya jambo moja: kukaa kando ya karani asubuhi moja ya Novemba, wakati wa mavuno makubwa, uone anavyoandika. Utajikuta umetengeneza kitu kidogo kinachojumlisha kilo na kumtumia mama ujumbe mfupi. Atakielewa. Atamwambia jirani. Stima ikipotea watakupigia simu, kilo zikikosewa watakuja hadi mlangoni, na hakuna atakayeuliza uliandika kwa Vim au kwa kitu kingine. Mwakani watataka majani chai yaongezwe.

Programu ni ile ambayo ikizima mtu analalamika. Zilizobaki ni burudani, na burudani si dhambi, mradi tu usiziite mradi wa kuwasaidia wakulima. Kwa hiyo kabla hujabadilisha rangi ya skrini tena, nenda kiwanda cha kahawa kilicho karibu nawe, umsalimie karani, umwulize anajumlisha vipi.