Sifa za Harufu ya Dagaa

Washairi wamelisifu waridi na asumini. Wazee wetu wa pwani wameusifu udi hadi moshi wake ukaonekana una ukoo. Hata mvua ya kwanza ikigusa vumbi, harufu yake imepata watu wa kuisemea. Harufu ya dagaa wanaoanikwa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, haijapata mtetezi hata mmoja. Nimengoja ajitokeze mtu mwenye elimu kunizidi. Kwa kuwa hajaonekana, nasimama mwenyewe: fundi cherehani, mzaliwa wa Tanga, mke wa mtu, mpangaji wa chumba na sebule upande ule ambao upepo wa ziwa hupenda kupumzikia.

Anayesifiwa huanziwa nasaba. Dagaa wa Kigoma si watu wa kuokotwa. Ni wa jamii moja na saradini wa baharini, na wataalamu wa viumbe wanasema asili ya ukoo wao ni huko huko kwenye maji ya chumvi. Wale wa Mwanza, ambao baadhi yenu mnawala mkidhani ni hawa hawa, ni ukoo mwingine kabisa, na bei ya sokoni inajua tofauti hiyo hata kama nyinyi hamuijui. Kwa hiyo dagaa wa Kigoma ni mtu wa pwani aliyeingia bara zamani mno akabaki. Nami ni mtu wa pwani niliyeolewa bara. Tumekutana ugenini, na ugenini hatuchagui ndugu.

Nyumba yao nayo ina heshima. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na duniani hakuna ziwa linalolizidi kina isipokuwa Baikal. Lakini msidanganyike na ukubwa. Huko chini hakuna oksijeni, na samaki wote wanaishi katika tabaka la juu. Ni ghorofa ndefu ambayo vyumba vya chini havikaliki, na wapangaji wote wamebanana darini. Mtu anayepika, anayelala, anayeshona na anayepokea wageni katika chumba na sebule hahitaji kuelezwa zaidi.

Tulifika Kigoma mwanzoni mwa 2024, harusi ikiwa bado mbichi. Mume wangu alipata mkataba wa muda katika kazi ya ujenzi, nami nikafunga cherehani yangu kwa kamba tukapanda treni mpaka mwisho wa reli. Tulikuwa tumekubaliana kwamba haya ni maisha ya kupita. Hatununui kabati. Hatupigi misumari ukutani. Tunakaa kidogo, tunaweka akiba, tunaondoka. Dalali akatutembeza vyumba viwili vya mtaa wa Mwanga ambavyo kodi yake ilitutoa jasho, kisha akatuleta hiki. Bei nusu, dirisha linaona maji, mama mwenye nyumba mpole, hewa safi kabisa. Tulilipa miezi sita siku ile ile kabla hajatokea mjanja mwingine wa kutuwahi.

Hapa lazima nieleze kazi ya ziwani, maana ndiyo iliyotupata. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi inafungwa miwili miwili kwa miti, wavu unashushwa katikati, taa zinawashwa. Zamani karabai, siku hizi zaidi balbu za betri na za sola. Dagaa hufuata mwanga, wavu unainuliwa. Lakini mbalamwezi inapotanda, taa ya mvuvi haina mvuto tena, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku hizo na kushona nyavu. Pasipo kuvua hapana kuanika, na pasipo kuanika hapana harufu. Dalali yule alituonyesha chumba mwezi ukiwa mpevu. Sijawahi kukutana na mwanafalaki mwingine wa kiwango chake.

Siku za giza zilipoingia, mitumbwi ikarudi alfajiri imeshiba, na wanawake wakaanza kumwaga dagaa mchangani na kuwageuza kadiri jua lilivyopanda. Jua likiwa zuri hukauka siku hiyo hiyo. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka ni msiba wa mfuko kwa wenyewe na msiba wa pua kwa jirani. Nilimwendea mama mwenye nyumba, nikamwamkia, nikamuuliza kwa adabu zote kama harufu hii huwa inakaa siku nyingi. Akanusa huku na huku, uso umejaa huruma ya kweli.

"Harufu gani, mwanangu?"

Akanipa ndizi mbivu akidhani nina ujauzito.

Sikuwa nao. Nilichokuwa nacho ni mafunzo ya Tanga. Somo wangu alinifunda kwamba nguo ya mume hufukizwa, mto hufukizwa, shuka hufukizwa, na mwanamke asiyejua kushika chetezo amekwenda kwa mume mikono mitupu. Nilikuja na udi wa kunitosha muda mrefu. Nikaanza vita. Asubuhi nafukiza, mchana dagaa wanajibu. Jioni naongeza ubani, usiku upepo unaleta maoni yake. Mwisho wake hakushinda yeyote, walioana. Ikazaliwa harufu ya tatu, yenye heshima ya msikitini na ujasiri wa mwaloni. Mume wangu, mtu wa Singida, nchi ya kuku na alizeti, alilinusa shati lake la kwenda kazini, akafikiri, akasema, "Mke wangu, sasa nanukia kama maulidi yaliyofanyika ndani ya mtumbwi." Udi uliobaki niliufunga kwenye mkoba, na huko bado uko.

Tangu nisalimu amri, nimeanza kuziona fadhila zake. Kwanza, harufu hii ni ya haki. Haimchagui bosi wala kibarua. Imeingia kwenye kitambaa cha mke wa mkubwa mmoja aliyeniletea nimshonee, na kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuingia kwenye nguo zake nyingine zote, hakuna aliyemlaumu mwenzake. Fundi wa Dar akiharibu kitenge cha mteja kwa harufu ya jikoni atatukanwa. Mimi hapa nashona doti nikiwa naunga dagaa kwa mawese pembeni, na mteja anachoniuliza ni kama nimetia ndimu.

Pili, inapanga ratiba ya familia kuliko kalenda ya ukutani. Ndugu wa mume wakitaka kuja, tunatazama mbinguni. Mama mkwe tulimwalika mwezi mpevu; akasifu hewa, akasifu maji, akasema mwanawe amepata mke anayejua kuweka nyumba. Shemeji mmoja anayependa kukaa sana tulimkaribisha siku za giza. Aliondoka akisema amepata dharura.

Tatu, ni kitambulisho. Tulikwenda Dar kwa msiba, nguo zimefuliwa, zimepigwa pasi, tumeoga kama watu. Tumekaa kwenye daladala, mzee wa kiti cha mbele akageuka, akatutazama kwa upendo, akauliza: "Kule kwetu dagaa wanauzwaje sasa?" Tulizungumza naye mpaka kituo chake. Kuna watu wanalipa ada kwenye vyama vya wenyeji wa mkoa wasipate mapokezi yale.

Mtu atasema kwamba hizi ni shida za wageni wasiozoea. Kweli, lakini wageni wa muda hapa si jambo jipya. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji, hapa jirani, Februari 1858. Burton miguu ilikuwa imekataa kwa maradhi, Speke haoni vizuri, na kabla hawajaliacha ziwa mdudu akamwingia Speke sikioni akamwachia uziwi. Kiungo kilichobaki kufanya kazi sawasawa huenda kilikuwa pua, na nadhani hapo ndipo pa kuwahurumia. Livingstone naye alifika Ujiji 1869, akavuka ziwa kwenda Manyema, aliporudi 1871 akakuta bidhaa alizoletewa zimeuzwa. Wageni wanaotembelea makumbusho yake pale Ujiji huambiwa zaidi habari za Stanley kumkuta. Mimi kilichonigusa ni zile bidhaa. Mpangaji yeyote aliyewahi kuacha vitu vyake kwa mtu anamwelewa yule mzee.

Jane Goodall naye aliingia Gombe, ufukwe huu huu wa ziwa, Julai 1960 kuwatazama sokwe, na utafiti ule haujaisha mpaka leo. Hata dagaa wenyewe wamepata uhamisho: mwishoni mwa miaka ya 1950 walichukuliwa kutoka humu wakapandikizwa Ziwa Kivu, na miaka ya 1960 wakapelekwa Kariba. Kote huko wamezaana na kulisha watu, na huko Kariba wanaitwa kapenta. Hakuna aliyerudi kuchukua mizigo.

Sasa nije kwenye fadhila kubwa, ambayo tungeondoka Kigoma bila kuijua kama serikali isingetusaidia. Tarehe 15 Mei 2024, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa, uvuvi ulisimamishwa mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu. Kwa wavuvi na wanawake wa kuanika hilo halikuwa la mzaha. Kipato kilikatika, na mtaani tulikopeshana unga. Lakini mimi, namwogopa Mungu kusema, nilishangilia moyoni. Nilifungua madirisha yote. Niliutoa udi.

Hewa ilipotakata, nikamsikia mume wangu akikoroma.

Alikuwa akikoroma tangu mwanzo, nadhani. Lakini usiku wa harufu, mtu akikosa usingizi anailaumu harufu. Nikagundua pia kwamba anaacha taulo mbichi kitandani, kwamba anajibu simu za dada zake kwa sauti ambayo hajawahi kunijibia mimi, kwamba akiulizwa fedha imekwendaje anaanza kusifu mandhari ya ziwa. Yeye naye akagundua kwamba mashine yangu inanguruma akiwa anataka kusikiliza mpira, kwamba natia chumvi kwa hasira, kwamba kila sentensi yangu ya tatu inaanza na "kwetu Tanga". Mambo hayo yote yalikuwepo. Hayakuwa na nafasi. Kabla ya hapo, nikinuna aliniuliza, "Harufu?" Nami nilijibu, "Harufu." Yakaisha. Akirudi amefura kutoka kazini nilimuuliza, "Harufu?" naye akasema, "Imezidi leo." Tukalaani pamoja, tukala, tukalala. Kumbe tulikuwa na mzee wa nyumba aliyebeba lawama za pande zote mbili bila kuita kikao.

Alipokwenda likizo tulibaki wawili, tukalaumiana ana kwa ana kama watu wanaojuana. Mwezi Juni hatukusemeshana siku kadhaa kwa sababu ya kabati. Yeye alitaka tununue, mimi nikamkumbusha kuwa hapa tunapita. Akasema, "Kila kitu kwako ni kupita, hata mimi napita?" Sikuwa na jibu, na hapakuwa na harufu ya kuisingizia.

Ilibidi tujifunze kugombana kwa majina ya vitu, taulo likiitwa taulo na fedha ikiitwa fedha. Sitaki kuwachosha na hayo, kila nyumba ina yake. Kabati tulinunua. Usiku wa kwanza wavuvi waliporuhusiwa tena, taa zilijaa ziwani, na keshokutwa yake mtaa mzima ulikuwa ukinuka pato. Mume wangu alisimama mlangoni akavuta pumzi ndefu, akaniambia, "Sasa nikikoroma usiseme ni mimi."

Nasikia maofisa wa uvuvi wanahimiza dagaa waanikwe juu ya vichanja badala ya mchangani, wakauke haraka, wasiwe na mchanga na wapate bei nzuri. Kama mlaji naunga mkono. Nimekwisha kutafuna mchanga wa kutosha kujenga choo. Kama mwanandoa, nawaomba waende polepole. Waondoe mchanga, lakini harufu waiache kidogo, na hasa wasiiondoe yote kwa wakati mmoja, maana wapo maharusi wengine mtaani humu ambao bado hawajajua nani kati yao anakoroma.

Mkataba wa mume wangu umeongezwa. Chumba cha jirani, kile cha pembeni, kimebaki wazi, na mama mwenye nyumba amepandisha kodi kidogo tu. Kama mmeoana karibuni na kazi imewaleta Kigoma, nendeni mkakitazame, lakini nendeni siku za giza, msimsikilize dalali.