Mjomba na Tundu la PHONO

Jumamosi moja baada ya adhuhuri, nyumba moja ya Ngamiani, Tanga, ilitoa mngurumo uliomfanya jirani aache sahani ya wali na kutoka nje kutazama kama ukuta umeanguka. Ukuta ulikuwa salama. Ndani, Mjomba alisimama mbele ya amplifaya yake na simu mkononi, amekunja uso. Paka alikuwa ameshaondoka kupitia dirishani.

Mtaa mzima humwita Mjomba, hata wasiomhusu kwa ukoo. Kabla ya kustaafu alifundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka 33, na siku hiyo alikuwa ametumia hesabu. Nyuma ya amplifaya kuna matundu mengi, kila moja na jina lake: TAPE, TUNER, AUX, PHONO. Mkononi ana simu. Simu kwa Kiingereza ni “phone”. Tundu limeandikwa PHONO. Herufi ya mwisho imekosewa, lakini mashine ni ya Kijapani, na Wajapani si Waingereza. Akachomeka.

PHONO, bahati mbaya, ni tundu la gramafoni. Sindano ya santuri hutoa umeme mdogo sana, milivolti chache tu, kwa hiyo tundu hilo limetengenezwa kusikiliza minong'ono na kuikuza. Simu ikifunguliwa sauti hutoa milivolti mamia. Ni kama kumwekea mdomo sikioni mzee anayesikia vizuri kisha kumpigia kelele za mwizi.

Tena si ukali peke yake. Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi, ili mfereji usiwe mpana na sindano isiruke. Sauti nyembamba nazo huongezwa ili zishinde mikwaruzo. Utaratibu huo, uitwao RIAA, uliwekwa Marekani mwaka 1954 na dunia ikaufuata. Kwa hiyo tundu la PHONO lina kazi ya pili: kurudisha kilichopunguzwa na kupunguza kilichoongezwa. Huko chini kabisa, kwenye mitetemo 20 kwa sekunde, huiinua besi kiasi cha mara kumi kuliko sauti za katikati, na kule juu kwenye mitetemo 20,000 hushusha kwa kiasi hicho hicho. Wimbo wa simuni haukuhitaji huduma hiyo. Mjomba alikuwa ametia chumvi kwenye mchuzi uliokwisha kutiwa chumvi, tena kwa upawa.

Amplifaya yenyewe ilishuka bandarini mwaka 1978 mabegani mwa kaka yake baharia, pamoja na spika mbili za mbao zilizo nzito kama magunia ya saruji. Uso wake ni wa alumini, na taa yake ya rangi ya chungwa huwaka polepole kama inayoamka usingizini. Ilipigia harusi tatu za ukoo. Kisha sindano ya santuri ikaisha, deki ya kaseti ikaanza kutafuna kanda, na mashine ikabaki kuwa meza ya maua ya mkewe. Yapo maua ya plastiki yaliyokaa juu ya amplifaya ile kwa miaka mingi kuliko baadhi ya wapangaji waliowahi kukaa kwenye nyumba ile.

Mjukuu wake wa miaka 14 alishatoa ushauri: “Babu, uza hilo dude tununue sabufa.” Mjomba hakuzungumza naye mpaka jioni.

Badala yake akamwita fundi redio mwenye kibanda karibu na soko la Mgandini. Fundi akaamkia, akaketi chini, akauhamisha waya kutoka PHONO kwenda AUX. Kazi ikachukua sekunde nne. Nyumba ikatulia, na wimbo ukatoka kama wimbo.

“Shilingi ngapi?” Mjomba akauliza.

“Hiyo bure, Mjomba. Lakini mbona kitufe cha sauti kinateleza namna hii? Kina nini?”

Hapo ndipo ilipofunuka habari ya mafuta ya nazi.

Hewa ya chumvi ya bahari haina urafiki na vyuma. Ndani ya kitufe cha sauti kuna kipande kidogo cha chuma kinachotambaa juu ya utepe wa kaboni. Kikishika kutu na vumbi, kila ukizungusha unasikia kwaru, kwaru, na spika moja hukata. Wiki mbili kabla, Mjomba aliona dawa ya kinacholia ni kulainishwa. Akachovya unyoya wa kuku kwenye mafuta ya nazi, akapaka. Kwa siku tatu kitufe kilikwenda kama siagi. Siku ya nne walikuja sisimizi. Walipanga mstari kutoka dirishani, wakapanda kabati, wakaingia ndani ya amplifaya kwa matundu ya hewa, na baadhi yao hawakutoka tena.

Fundi aliwapiga brashi marehemu, akapuliza dawa ya kusafishia swichi, ile ya kopo ambayo hukauka yenyewe, kisha akakizungusha kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho mara thelathini, akihesabu kwa sauti. Kwaru ikapungua, ikapungua, ikaisha. Hiyo ililipiwa.

Wiki hiyo hiyo ukaanza mvumo. Kila Mjomba akiwasha, kabla ya wimbo kulikuwa na mmmmmm nene, mfululizo, kama mzinga wa nyuki. Jirani yule wa wali alishauri kisomo. Mjomba alikuwa karibu kukubali mjukuu alipochomoa chaji ya simu kutoka ukutani ili achaji yake. Nyuki wakanyamaza. Akachomeka, wakarudi. Umeme wa majumbani hupiga mara 50 kwa sekunde, na simu inapochajiwa huku imeungwa kwenye amplifaya, uchafu wa chaji ya bei rahisi hupata njia ya kupitia waya wa muziki. Tangu siku hiyo simu hunywa umeme kwanza, huimba baadaye.

Somo la tatu lilimfikia kwa aibu. Mjomba, mtu wa tahadhari, alikuwa ameiweka sauti ya simu chini kabisa na kuifungua amplifaya mpaka robo tatu, hivyo kila wimbo ukaja na shshshsh nyuma yake kama mvua juu ya makuti. Fundi akamweleza kwa simu afanye kinyume: simu ipande karibu na kilele, amplifaya ndiyo ishushwe. Simu ikitoa sauti hafifu, amplifaya hukuza hafifu hiyo pamoja na shshsh zake yenyewe, haibagui. Mjomba akatii. Mvua ikakatika. Akafungua madirisha ili mtaa nao ufaidi.

Katikati ya wimbo, shemeji akapiga simu. Kengele ililia kwa spika mbili za mbao. Mtoto mchanga wa nyumba ya tatu akaamka. Mjomba kwa kuhangaika akaipokea, bila kukumbuka kwamba waya bado umechomekwa.

“SHEMEJI,” Ngamiani ikaambiwa, “ILE LAKI NA NUSU YA GODORO NI MPAKA NIFE?”

Deni lililipwa Jumatatu. Siku hizi, kabla ya kuchomeka chochote, Mjomba huiweka simu kwenye hali ya ndege, na huwahimiza wengine nao kwa maneno machache bila kutaja sababu.

Ili aachane na waya, alinunua kidude cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye AUX. Kilikuwa na siku mbili za heri. Siku ya tatu wageni wawili wazito wa msikitini wapo sebuleni, dansi la zamani linapiga kwa upole, simu ya Mjomba ikaishiwa chaji. Kidude, kikijiona mjane, kikaolewa hapo hapo na simu ya binti wa jirani aliyekuwa upande wa pili wa ukuta. Kwa Bluetooth mita kumi si kitu. Sebule ikapigwa na singeli kwa kasi yake yote. Mgeni mmoja akashika kofia yake kana kwamba kuna upepo.

Aibu ilipopoa, fundi alitaja kasoro nyingine. Kidude cha aina ile hupokea muziki kwa mbano uitwao SBC, ambao hata ukiwa katika ubora wake wa juu kwa kawaida huishia kilobiti 328 kwa sekunde. Na nyimbo za Mjomba zilikuwa zimeshabanwa kabla hazijafika hapo. Zinabanwa mara ya pili, kama nguo inayokamuliwa baada ya kukauka.

Nyimbo hizo alirushiwa kwenye flashi kibandani, elfu moja kwa bei ya soda mbili, zote MP3 za kilobiti 128. CD, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kila sekunde na kutumia kilobiti 1,411. Ukigawanya, na Mjomba aligawanya mgongoni mwa bahasha, faili la flashi limebakiwa na sehemu moja kati ya kumi na moja. Waliobuni MP3 walitupa kwa ujanja, wakianza na sauti ambazo sikio haligundui kwa sababu zimefunikwa na sauti kubwa zaidi. Lakini kwa 128 ujanja unaanza kuonekana: matoazi yanakuwa kama mtu anayekaanga dagaa, na makofi ya watu yanageuka karatasi inayokunjwa.

Mjukuu akajitolea kurekebisha. Alishusha programu, akageuza nyimbo zote kuwa FLAC, aina ya faili isiyopoteza chochote. Wimbo wa dakika nne uliokuwa na megabaiti nne ukavuka ishirini. Flashi ikajaa, ikanunuliwa ya pili. Mjomba akakaa, akasikiliza, akasikia dagaa wale wale.

Ni mkewe aliyewapa jibu, akiwa jikoni na mbuzi ya kukunia nazi: “Tui la tatu hata mkilitia kwenye sufuria ya harusi, si litabaki la tatu?” FLAC hutunza ilichopewa, na ilikuwa imepewa makamuo.

Wakatafuta tui la kwanza. Mpwa mmoja alikuwa na CD ya tatu ya msururu wa Zanzibara, uliotolewa na kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, ambayo imekusanya dansi la Tanzania la miaka ya 1960. Tanga ndio mji uliozaa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na ujana wa Mjomba ulipita kwenye kumbi za wakati huo. Aliishika CD ile kama cheti cha kuzaliwa. Mjukuu akaihamisha kwenye FLAC moja kwa moja, bila kupitia MP3. Safari hii gitaa lilitoka na ncha zake, na shaba za tarumbeta ziling'aa.

Ila besi ilikuwa nyembamba kama mchuzi wa mwisho wa mwezi, na mwimbaji hakuwa na mahali pa kusimama. Sauti yake ilielea chumbani kama moshi wa ubani.

Fundi alikuja mara ya mwisho na betri moja ndogo ya volti moja na nusu. Akavua kitambaa cha mbele cha spika ya kulia, akagusisha nyaya zake kwenye betri, chanya kwa nyekundu. Koni ya karatasi ikaruka mbele, tap, kama kifua cha mtu aliyesifiwa. Akaenda ya kushoto, akagusa vivyo hivyo. Koni ikarudi nyuma.

“Nani alizifunga hizi nyaya?”

Mjomba akatazama dari. Alizifunga mwenyewe, mwaka aliopaka rangi sebule. Spika moja ilikuwa inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na besi zao zikawa zinauana katikati ya chumba kwa miaka yote hiyo. Fundi alibadilisha nyaya mbili. Kisha akaomba ruhusa ngumu zaidi: spika moja itoke nyuma ya kochi, nyingine ishuke kutoka juu ya kabati, zikae usawa wa masikio, na kiti cha msikilizaji kiwe ncha ya tatu ya pembetatu yenye pande sawa. Mwalimu wa hesabu alileta futi kamba. Maua ya plastiki yakahamishiwa jikoni. Mkewe hakusema neno, na Mjomba alijua uzito wa kutosema kwake.

Saa tano usiku akaketi kwenye ncha ya pembetatu na kubonyeza. Besi ikaja mpaka kwenye miguu ya kiti. Mwimbaji akasimama katikati, hatua tatu mbele yake, unaweza kumwazima kalamu. Mjomba akafumba macho. Dakika mbili baadaye akayafumbua, akainama kulia, akainama kushoto, akapiga simu.

“Fundi, samahani kwa usiku. Spika zote mbili zinasema kitu kimoja. Stereo iko wapi?”

Upande wa pili palikuwa kimya, kisha sauti ya mtu anayejizuia kucheka mbele ya mkubwa. “Mjomba, rekodi nyingi za wakati ule ni mono. Haina kushoto wala kulia. Tena hapo mbele ya amplifaya kuna swichi imeandikwa MONO. Ibonyeze, zile kelele za mkanda zitapungua kidogo.”

Mjomba akabonyeza. Kweli, mchakacho wa pembeni ukashuka, na bendi ikabaki peke yake.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na khanga begani, amesikia mazungumzo yote. Akaitazama spika ya kulia, akaitazama ya kushoto, zikiimba neno moja kwa wakati mmoja.

“Kumbe zinasema kitu kimoja,” akasema. “Basi hiyo ya kushoto nirudishie niweke maua.”