Pongezi kwa Gari Fupi

Tumpongezeni kijana wetu wa Bwejuu kwa kuishusha Altezza yake. Kapima kwa futikamba kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pembe zote nne, sakafu tambarare, upepo wa matairi sawasawa, kama fundi wa Nürburgring. Tofauti ya milimita 3 ilimnyima usingizi.

Wenye husuda wanaitaja njia ya mawe ya kushukia pwani. Kosa ni la mawe: yametangulia kuwapo bila ya kumshauri. Gari ya ng'ombe iliyosheheni mwani ilimpita pale, kweli, lakini hiyo haina hata springi ya kurekebisha. Abiria kushuka kila penye tuta ni mazoezi. Sampo ikipasuka, oili hutuliza vumbi.

Wahusika, tafadhalini: ishusheni barabara.