Sifa za Pipa la Jirani

Waungwana wa Faza, na majirani zetu wa Siyu, Pate na Kizingitini: siwa imesifiwa, majahazi yamesifiwa, hata mkate wa mofa umepata wa kuusifu. Pipa la dizeli bado. Nimejitolea mimi, kwa kuwa hapana mtu anayelisikia kunishinda. Limesimamishwa kichwa chini nyuma ya ukuta wa chumba ninacholala, na mtoto wa jirani analitumia kujifunzia rege.

Ukoo wake ni mtukufu. Huko Trinidad, miaka ya 1880, serikali ya Mwingereza ilizibana ngoma za ngozi kwa kuogopa fujo za kanivali. Watu wakashika mianzi, kisha makopo, na kufika miaka ya 1940 walikuwa wanapiga mapipa ya mafuta. Ukimnyang'anya mtu ngozi, atakupigia chuma. Mwaka 1951 kundi lao la TASPO likasafirishwa hadi London, na Mwingereza yule yule akakaa kwenye kiti akawapigia makofi. Tangu 1992 pipa ni ala ya taifa la Trinidad na Tobago.

Naam, lakini pipa la Trinidad uso wake hugongwa kwa nyundo hadi ukabonyea, fundi akaugawa mafungu, pipa likakatwa, likapitishwa motoni, kisha kila fungu likapewa sauti yake. Letu halijaonja nyundo. Lina sauti mbili: ya katikati, na ya pembeni penye kutu. Mikwaju ni vijiti viwili vya mkoko, ncha zake zimevishwa mpira wa ndara iliyookotwa ufukoni na kukazwa kwa uzi wa mshipi. Kuvika mpira ni elimu ya Trinidad pia. Anayetajwa nayo ni Ellie Mannette. Wenzetu wa Lamu ndara kama hizo waliziundia jahazi, lile la Flipflopi lililoshushwa majini 2018 na kutweka hadi Unguja. Za kwetu husafiri kutoka pipani hadi kwenye fuvu langu, na hazikosi upepo.

Fadhila ndogo ndogo nazipita mbio. Panya wamehama. Wageni hawalali tena kwangu, na matumizi ya samaki yamepungua. Kijana ana adabu, adhana ikitoka hunyamaza, basi safu za msikitini zimeongezeka. Wanaotafuta kimya wamejua kilipo. Mreno alipoivunja Faza mwaka 1587 hakuacha hata minazi, lakini pipa hakutuletea. Tumshukuru kwa hilo.

Sasa fadhila kuu, na hapa naomba mnivumilie. Vugo la harusi likianza, hata mtoto wa mgongoni anajua pigo la pili litaanguka wapi. Rege haina heshima hiyo. Unahesabu nne, lakini Carlton Barrett, aliyempigia Bob Marley ngoma, alisifika kwa kuliacha la kwanza tupu. Mguu wake ulishuka kwenye la tatu, na gitaa likidonoa katikati. Utamu wote umo katika pengo. Kijana wetu alianza kwa kuliacha la kwanza, kama inavyotakiwa. Kisha akaliacha na la tatu. Siku hizi anapiga baina ya la nne na jingine ambalo hesabu haijalipa jina. Nimelala, nangoja. Moja, kimya. Mbili, kimya. Tatu, nne, kimya. Navuta shuka, nasema alhamdulillahi, amechoka. Gwa!

Nilipomwendea, alinitolea simu yake. "Ami, hawa Them Mushrooms wa Pwani hii hii walipiga rege na chakacha mpaka wakatoa *Jambo Bwana*. Nao walianza hivi hivi."

"Walianza mbali na mimi, mwanangu."

Lakini pengo lile limenifundisha serikali. Nilikwenda ofisi fulani kushitaki kelele. Saa mbili asubuhi kiti ni kitupu, koti limetundikwa mgongoni mwa kiti. Zamani ningepandwa na hasira. Sasa nilijua hilo ni pigo la kwanza, huachwa wazi kwa makusudi. Saa nne karani akanijuza kuwa mkubwa yuko Lamu, semina, atarudi maji yakijaa. Maji yakajaa. Yakatoka, mlango wa Faza ukabaki tope. Pigo la tatu, lile ambalo mguu sharti ushuke, likapita hivi hivi. Uliza hati ya shamba, uliza basari ya mtoto: mapigo ni yale yale. Barrett mwenyewe angekuja kuomba darasa.

Mara moja tu nimeona kila pigo likiangukia mahali pake, nayo ni siku aliyokuja mheshimiwa. Boti ilitia nanga kwa saa yake. Turubai, viti vya plastiki, pilau. Ofisa wangu alikuwapo tangu alfajiri, na koti mwilini. Kijana akaitwa na pipa lake, akavishwa fulana yenye uso wa mgeni, akapiga, na mheshimiwa akatikisa mabega. Kisha akashika kipaza sauti: kipaji hiki hakitapotea, vifaa vinakuja, na mwalimu pia. Picha zikapigwa.

Kijana alipofuatilia aliambiwa aandike barua. Halafu aunde kikundi, akisajili, afungue akaunti benki, yaani nauli ya boti kwenda Lamu na kurudi, kila mara. Nchi hii ina tamasha la muziki tangu 1927, na shule aliyosoma huyu haikuwa na mwalimu wa muziki hata mmoja. Amemaliza kidato cha nne, kazi hana, anakesha akitafuta sauti ya tatu kwenye pipa lenye sauti mbili, na watu wazima wenye mishahara wanampa fulana! Kelele yake naisamehe. Yao siisamehe.

Mheshimiwa, uchaguzi ni Agosti 2027, kwa hiyo utarudi, na boti yako haitachelewa. Njoo na mwalimu mmoja wa muziki, mwenye mshahara, akae hapa Faza si Lamu. Fulana tunazo.